Mwongozo kamili: jinsi ya kuzielewa nahau, methali na misimu ya Kiingereza bila kukariri orodha

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu Kiingereza huomba kitu kilekile: orodha. Nahau mia mbili na maana zake. Wakishaipata wanaikariri, na baada ya muda wanarudi na malalamiko yaleyale. Mzungumzaji akisema kitu kwa haraka hawakitambui, ingawa kimo kwenye orodha. Au wanakitambua, wanakitumia wenyewe mahali pengine, na waliopo wanatazamana.

Kumbukumbu yako haina tatizo. Orodha inakupa maana peke yake, lakini haikuambii nani husema maneno hayo, humwambia nani, neno lipi ndani yake haliguswi, na kama bado kuna mtu anayeyasema leo. Mambo hayo ndiyo yanayowaangusha watu. Hatua zinazofuata zimepangwa ili uyapate yote, na zinaongozwa na kanuni moja: elewa nyingi, tumia chache.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja, au faili moja kwenye simu. Ukiwa na matatu hutafungua hata moja.
- Kamusi ya wanaojifunza Kiingereza. Ya Cambridge, ya Longman na ile ya Oxford ya wanafunzi zote zinasomeka bure mtandaoni. Kwa kazi hii zinaishinda kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa sababu huweka alama kama "informal", "old-fashioned", "offensive", "UK" na "US". Alama hizo zina thamani sawa na maana yenyewe.
- Chanzo kimoja cha Kiingereza halisi unachokipenda: podikasti, tamthilia, kurasa za michezo, barua pepe za kazini. Kama ni cha kusikiliza, kiwe na maandishi chini.
- Tovuti ya YouGlish. Unaandika kifungu, nayo inakuletea vipande vya video ambamo watu wanakitamka.

Kitabu cha asili ya nahau hukihitaji. Hadithi nyingi za asili zinazosambazwa mitandaoni hazina ushahidi. Ile ya mbwa na paka kuanguka kutoka kwenye mapaa ya nyasi mvua ikinyesha, kwa mfano, imekanushwa zamani. Hata iliyo ya kweli haitakusaidia kujua kama leo useme "it's raining cats and dogs". Kwa taarifa yako, mvua ikinyesha sana watu wengi husema tu "it's pouring".

## Hatua ya 1: Tambua kwamba umekutana nayo

Huwezi kutafuta maana ya kitu ambacho hukukiona. Dalili ya kwanza ni mnyama, chombo, kiungo cha mwili au hali ya hewa kujitokeza katika mazungumzo ya jambo lingine kabisa. Watu wanajadili bajeti, mara anatajwa tembo aliye chumbani: "the elephant in the room", yaani jambo zito ambalo kila mtu analiona na hakuna anayetaka kulitaja.

Dalili ya pili ni sarufi isiyofuata kanuni ulizofundishwa, kama "long time no see" au "by and large".

Tahadhari. Nahau hatari zaidi ni zile zinazoleta maana hata ukizisoma neno kwa neno. "He got cold feet" inaweza kueleweka kuwa miguu ilipata baridi, kumbe mtu aliingiwa na woga dakika za mwisho na kurudi nyuma. "She turned a blind eye" haihusu ugonjwa wa macho, alijifanya hakuona. Jiulize kila mara: kabla na baada ya sentensi hii, kuna anayezungumzia miguu? Kama hakuna, weka alama.

Umefaulu ukiwa unaweza kusoma ukurasa mmoja na kupigia mstari vifungu vyote vya namna hiyo, hata kama hujui maana ya hata kimoja.

## Hatua ya 2: Kisia kabla ya kufungua kamusi

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachukua muda. Usiiruke. Maana uliyoitafuta mwenyewe hukaa kichwani, na ile uliyopewa huondoka jioni. Zaidi ya hapo, katika maongezi ya ana kwa ana hakuna kamusi, kwa hiyo kukisia ni ujuzi utakaouhitaji kila siku.

Tuchukue barua pepe ya kazini ya aina inayowasumbua wengi:

"The supplier has finally replied, but we're not out of the woods yet. I'd rather bite the bullet and pay the extra than cut corners. I've given Finance a ballpark figure. The ball is in your court."

Anza na "but". Habari njema imetangulia, muuzaji amejibu, kisha likaja "lakini". Kwa hiyo "not out of the woods yet" lazima iwe na maana ya kwamba hatari haijaisha. Umeshaipata bila kamusi.

Sentensi ya pili inapambanisha mambo mawili kwa "rather... than". Upande mmoja kuna kulipa zaidi, upande wa pili kuna "cut corners". Kinyume cha kulipa zaidi ni kubana gharama kwa kulipua kazi, na ndiyo maana yake. "Bite the bullet" imeshikamana na kulipa, yaani kukubali jambo chungu na kulimaliza.

"Figure" ikienda idara ya fedha ni kiasi, basi "ballpark figure" ni kiasi cha aina fulani. Hapa kukisia kunakufikisha nusu ya njia. Kamusi itakuambia ni makadirio ya juujuu. Na "the ball is in your court" ikifunga barua ina ujumbe mmoja: sasa ni zamu yako kuchukua hatua. Anayeipokea akadhani ni maneno ya adabu ya kuagia, kazi italala mezani kwake wiki nzima.

Tahadhari. Ukiona mpira, usifikirie soka moja kwa moja. Wamarekani huchota nahau nyingi kwenye besiboli: "ballpark", "touch base" (kuwasiliana kwa ufupi), "curveball" (jambo lisilotarajiwa). Waingereza huchota kwenye kriketi: "a sticky wicket" ni hali ngumu, na "hit for six" ni kupigwa na pigo zito, kama la msiba au hasara.

Umefaulu ukiwa umeandika maana kwa Kiswahili chako mwenyewe, hata kwa penseli, kabla ya kuhakiki.

## Hatua ya 3: Hakiki, na usome alama

Kwanza vua nahau nguo zake za sentensi. "She was pulling his leg" iandike "pull someone's leg", maana kamusi huiweka hivyo. Maana yake ni kumtania mtu kwa kumdanganya kidogo. Usipoipata, tafuta kwa nomino iliyo ndani yake, hapa "leg".

Kisha soma alama. Zile za "UK" na "US" si mapambo. Kwa Mwingereza, "to table a report" ni kuiwasilisha ijadiliwe, na ndivyo neno linavyotumika katika Bunge la Kenya. Kwa Mmarekani, kitenzi hichohicho ni kuahirisha mjadala. Watu wawili wanaweza kutoka kwenye kikao kimoja wakiamini wamekubaliana, mmoja anaandaa nakala na mwingine amefunga faili. "Pissed" Uingereza ni mlevi, Marekani ni mwenye hasira, na kote ni neno la kuepuka mbele ya wakubwa. Mwingereza akisema kazi yako ni "quite good", mara nyingi anamaanisha inaridhisha, Mmarekani anakusifu.

Tahadhari. Urban Dictionary, iliyoanza 1999, huandikwa na yeyote anayetaka. Inasaidia kupata fununu ya misimu mipya, yaani maneno ya mtaani, lakini imejaa matusi na mizaha ya watu. Usiifanye kamusi yako ya kwanza, na usichukue sentensi zake za mfano.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema mambo matatu: maana, nchi inakotumika zaidi, na kama ni ya heshima, ya kawaida au ya kuudhi.

## Hatua ya 4: Mtafutie mwenzake wa Kiswahili, kisha mtilie shaka

Hapa ndipo sisi tuna utajiri, na hapohapo ndipo tunapoteleza.

Wapo wenzake wa kweli. "Beat about the bush", ambayo Wamarekani husema "beat around the bush", ni kuzunguka mbuyu. "Too many cooks spoil the broth" ni manahodha wengi, chombo huenda mrama. "A stitch in time saves nine" ni usipoziba ufa utajenga ukuta. "When in Rome, do as the Romans do" ni ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. "Don't count your chickens before they hatch" inalingana na ile yetu ya kununua mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Ukimpata mwenzake wa namna hii, mwandike. Utaikumbuka nahau mara moja kwa sababu tayari unajua inasemwa mtu akiwa katika hali gani.

Wapo pia wanaofanana kwa sura na kutofautiana kwa roho. Kwetu kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa. Bosi akikataa pendekezo lako, amekuvunja moyo. Lakini ukiandika "my boss broke my heart", msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba palikuwa na mapenzi. Andika "my boss discouraged me". Vivyo hivyo, mwenye mkono mrefu kwetu ni mwizi. "The long arm of the law" ni uwezo wa dola kumfikia mhalifu popote alipo. Mwizi mdogomdogo kwa Kiingereza ni "light-fingered".

Chumvi nayo ina mitego yake. Kutia chumvi ni kazi ya msemaji anayepamba habari. "Take it with a pinch of salt" ni kazi ya msikilizaji: usiamini yote. Wamarekani husema "a grain of salt". Na mzee aliyekula chumvi nyingi tunamtaja kwa heshima, ilhali "long in the tooth" ina dharau kidogo, kama kusema umri umempita kwa kazi ile. Usimwambie hivyo mwalimu wako mstaafu.

Pima pia ukali. "Like father, like son" inaweza kuwa sifa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" haijawahi kuwa sifa.

Njia ya kinyume ni hatari vilevile. "Slowly by slowly", inayosikika sana Afrika Mashariki, ni "polepole" iliyovishwa Kiingereza. Wenyewe husema "little by little" au "slowly but surely". Na zipo zilizovuka kuja kwetu: "mwisho wa siku", inayorudiwa katika kila mjadala wa televisheni, ni "at the end of the day" iliyotafsiriwa neno kwa neno. Mimi nadhani "hatimaye" au "kwa vyovyote vile" zilitutosha.

Neno moja kuhusu methali. Kwetu methali ni heshima: imeandikwa kwenye kanga, inafungua hotuba, inamaliza ugomvi. Katika Kiingereza cha leo, methali nzima ikisemwa na mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake husikika kama mahubiri. Ndiyo maana huikata katikati na kumwachia msikilizaji aimalizie: "Well, when in Rome...", "too many cooks...", "the early bird...". Usipoijua yote utaona mtu kaacha sentensi hewani. Kwa hiyo methali zijue nzima ili uzielewe zikiwa nusu, na ukizisema mwenyewe, sema nusu.

Umefaulu ukiwa kwa kila nahau umeandika ama mwenzake, ama neno "hakuna", ama onyo la tofauti.

## Hatua ya 5: Andika kiingilio kamili

Nahau moja kwa kiingilio, na kiingilio kiwe hivi:

*Kifungu:* bite the bullet
*Nilipokikuta:* barua ya meneja kuhusu muuzaji, "I'd rather bite the bullet and pay the extra"
*Maana:* kukubali kufanya jambo chungu ulilokuwa unaliahirisha
*Mwenzake:* kupiga moyo konde (karibu, si sawasawa, hii ni kujipa ujasiri)
*Mahali:* kazini sawa, kwa marafiki sawa
*Sentensi yangu:* I'll bite the bullet and see the dentist on Monday.

Mstari wa pili ndio unaorukwa na wengi, na ndio muhimu kuliko yote. Sentensi ya asili inakuonyesha ni maneno gani hutembea na nahau hiyo. Sentensi yako iwe ya kweli, kuhusu maisha yako, maana ya kubuni husahaulika.

Rudia viingilio kwa kupanua nafasi: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Programu ya Anki inakupangia ratiba hiyo, ila daftari na tarehe pembeni vinatosha. Funika maana, soma sentensi, jibu kwa sauti.

## Hatua ya 6: Jua kisichoguswa

Nahau ina viungo vilivyokaza na viungo vinavyolegea. Katika "kick the bucket", yaani kufa, kitenzi hubadilika wakati: "kicked the bucket". Vingine vyote vimekaza. Ukisema "kick a bucket" au "the bucket was kicked", kifo kimeondoka na imebaki ndoo iliyopigwa teke. Lakini "spill the beans", kutoboa siri, inakubali: "the beans were spilled". Huwezi kukisia ipi inakubali; angalia mifano ya kamusi.

Mambo matatu yanayoharibika zaidi ni haya. Umoja na wingi: ni "pull my leg", kamwe si "legs". Vihusishi vidogo: ni "let the cat out of the bag", si "from the bag". Na ukanushi: baadhi huishi katika kukanusha, kama "it's not my cup of tea", jambo nisilolipenda, au "he didn't lift a finger", hakusaidia hata kidogo.

Umefaulu ukiwa umeisikiliza kwenye YouGlish kwa wasemaji kadhaa, ukaona wapi wote wanafanana na wapi kila mmoja anabadilisha.

## Hatua ya 7: Pima mahali

Kabla ya kutumia, jiulize mtu huyu ni nani kwako na jambo lina uzito gani. Aliyefiwa huambiwa "I'm sorry for your loss", na marehemu "passed away". "Kicked the bucket" ni ya mzaha, na ukimwandikia mfiwa hivyo hata kwa nia njema, umemjeruhi.

Barua ya kwanza kwa usiyemjua, maombi ya kazi na mkataba: usiweke nahau yoyote yenye picha. Barua za kila siku kwa wenzako kazini: "on the same page" (tumeelewana), "keep me in the loop" (uwe unanijulisha) na "call it a day" (kuishia hapo kwa leo) ni salama.

Kwa wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza: vigezo vya sehemu ya kuzungumza, kufikia alama ya 7, hutaja uwezo wa kutumia msamiati wa kinahau. Wengi husoma hivyo wakaenda kupachika methali kila jibu. Mtahini anasikiliza kama nahau imekaa mahali pake. Mbili zilizokaa sawa zinakufaa kuliko kumi zilizosukumizwa. Katika insha ya sehemu ya kuandika, ziache kabisa.

## Hatua ya 8: Misimu ina sheria yake

Misimu huzeeka haraka. Oxford University Press ilichagua "rizz", mvuto wa kutongoza, kuwa neno la mwaka 2023, na "brain rot", akili kudumaa kwa maudhui duni ya mtandaoni, mwaka 2024. Neno likishafika kwa wachapishaji wa kamusi, vijana waliolizaa huenda wameshalichoka. Anayeishi Nairobi anaijua hali hii kupitia Sheng: ukitumia ya miaka mitano iliyopita, unajulikana papo hapo kwamba hukai pale.

Misimu pia ina wenyewe. Mingi inayosambaa duniani, kama "no cap", yaani "sidanganyi", imetoka kwa Wamarekani weusi. Mingine ni ya Uingereza: "knackered" ni kuchoka hoi, "skint" ni kutokuwa na hata senti, "gutted" ni kusikitika sana, "chuffed" ni kufurahi. Zielewe zote. Usitumie hata moja mpaka watu unaoishi nao au kufanya kazi nao wawe wanakwambia wewe, nawe umeisikia ikisemwa zaidi ya mara moja.

Tahadhari. Maneno mafupi hugeuka kwa maneno yaliyo karibu nayo. "I'm down for that" ni niko tayari. "I'm feeling down" ni nina huzuni. "I'm down with flu" ni mafua yamenilaza. Na "sick" kijana akiisema kuhusu wimbo, anausifu.

## Ukikwama katikati ya maongezi

Usitabasamu na kutikisa kichwa kama kwamba umeelewa. Ukifanya hivyo, unaweza kujikuta umekubali jambo. Sema "Sorry, what do you mean by that?" au rudia ulichokisia: "So you want me to decide?" Wazungumzaji wengi hawajui kwamba wametumia nahau mpaka waulizwe, na huieleza bila kinyongo. Kisha iandike kabla siku haijaisha, pamoja na sentensi aliyoisema, maana kesho utakumbuka nahau na utakuwa umesahau sentensi.